Gari la Mwalimu Lenye Sauti Mbili

Ukipita mtaa ule ukasikia mtu anajisifu, usisumbuke kuuliza ni nani. Ni Masizi. Fundi wa ekzosi, ovaroli nyeusi tii, kope zimeungua ncha kwa cheche za kuchomelea, na mdomo usiojua kupumzika. "Bomba nikilichomelea mimi, limechomelewa!" ndivyo alivyokuwa akisema. "Gari likitoka hapa halirudi kwa kosa langu. Muulize yeyote." Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza, alijijibu mwenyewe.

Lakini siku hizo alikuwa na jambo jingine la kujivunia, tena kubwa kuliko bomba lolote, na hilo, ajabu ya mambo, alikuwa halisemi. Binti yake alikuwa amerudi nyumbani fundi umeme wa magari. Alirudi na mita yake, koleo zake na kisanduku cha waya alizozipanga kwa rangi. Masizi akimwona ameinama kwenye boneti ya mtu, kifua kinamjaa mpaka vifungo vya ovaroli vinaomba msaada. Hakumwambia hata siku moja. Wanaume wengine ndivyo walivyo, jamani: watasifia hata mbuzi wa jirani, lakini mtoto wao wa kumzaa wanamsifia kimoyomoyo.

Gereji yenyewe haikuwa yake peke yake. Baba yao aliwaachia wawili, yeye na kaka yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mkubwa. Masizi alichomelea, Mkubwa akashika funguo, akapokea wateja na kukata kauli. Na kauli yake kuhusu umeme ilikuwa moja tangu zamani: waya zinakwenda kwa rafiki yake, fundi wa ng'ambo ya barabara. "Sisi ni watu wa bomba," alisema. "Umeme una wenyewe."

Sasa binti alikuwa ameitwa na kampuni moja ya malori, mji mwingine kabisa, na walitaka jibu wiki ile ile. Masizi hakulala vizuri. Alimfuata kaka yake, akambembeleza, akamsumbua, akamkera, mpaka Mkubwa akainua mikono.

"Haya! Gari moja. Umeme wake afanye yeye, mwanzo mwisho. Likitoka salama, ile meza ya dirishani ni yake na umeme wote unabaki hapa. Likienda kombo, mdogo wangu, sitaki kusikia tena habari hii. Aende zake kwenye malori na tumtakie heri."

Binti alikuwa amesimama pale pale mlangoni. "Sawa, baba mkubwa," akasema.

Na gari lililokuja lilikuwa la nani? La Mwalimu wa udereva! Mama huyu alikuwa amewafundisha nusu ya watu wa mji ule, na Mkubwa mwenyewe aliangushwa naye mtihani mara mbili, jambo ambalo halikupaswa kutajwa ndani ya gereji na lililotajwa kila wiki. Amestaafu juzijuzi, akajinunulia gari la michezo la viti viwili, la buluu, fupi hivi kwamba kuliingia ni kama kukaa kwenye beseni. Zuri, hakuna ubishi. Tatizo lake sauti. Lilikuwa na sauti ya mtu anayesafisha koo mkutanoni.

"Maisha yangu yote nimekaa kiti cha pembeni naendeshwa na watu wanaolia," Mwalimu alisema. "Nataka gari langu lingurume. Lingurume mpaka mashavu yatetemeke! Lakini nikikata kona ya nyumbani linyamaze. Mama yangu ni mtu mzima sana, moyo wake mwepesi, analala mchana, na dirisha lake liko juu ya pale ninapoegesha. Mkinishtulia mama yangu, nitarudi hapa, na sitakuja kuwapa hongera."

Basi kazi ikaanza. Sailensa mpya ilikuwa na njia mbili za moshi: moja inazunguka tumboni, nyingine imenyooka moja kwa moja mpaka nje, na kwenye hiyo iliyonyooka kuna kilango kidogo cha chuma. Kilango kikifungwa, moshi unazunguka na gari linanong'ona. Kikifunguliwa, unatoka wote kwa pupa na gari linanguruma. Masizi alikata bomba la zamani, akapima, akachomelea jipya kwa mshono mwembamba ulionyooka, akauangalia, akauangalia tena, akatamani apite mtu wa kuuonyesha.

Binti naye alikuwa na yake. Kilango hakifungwi kwa mkono, wala hakifungwi na umeme wenyewe. Kinafungwa na pumzi ya injini. Injini inavuta hewa kupitia kimpira chembamba kilichopita chini ya gari, na mvuto ule ndio unaokibana kilango. Umeme kazi yake ni kufungua na kuziba njia ya ule mvuto, na swichi yake akaiweka karibu na gia, pale mkono wa Mwalimu ungeifikia bila kutafuta. Mvuto ukikosekana, springi inakisukuma kilango wazi. Masizi, kofia ya kuchomelea juu ya kichwa, alisikiliza nusu na nusu nyingine akaacha ipite.

"Ila kuna kitu sikipendi," binti alisema. "Kwa hali yake ya kawaida, ukibonyeza swichi, taa inawaka na gari linanyamaza. Nani anabonyeza taa nyekundu akitegemea kimya? Siku moja Mwalimu atasahau, atabonyeza uani kwake, na mama yake ataruka kitandani." Akafunga relei ya kugeuza mambo: taa ikiwa imezimika, kimya, ikiwaka nyekundu, ngurumo. Akalehemu kila kiungo, akavika waya soksi za kuzuia joto, akazipitisha mbali na bomba. Hakuna waya ulioning'inia. Ungedhani gari lilizaliwa nazo.

Masizi alitazama soksi zile, akasema, "Si mbaya." Si mbaya! Mtu roho yake inacheza ngoma, na hilo ndilo neno alilolipata.

Kulikuwa na sheria moja pale ambayo hata Mkubwa aliiheshimu: viungo vya bomba vikishapakwa gundi ya moto, injini haiwashwi mpaka ikauke. Kwa hiyo binti alijaribu swichi kwa betri tu. Tak, ikasikika. Tak. "Mengine tutayaona baada ya chakula," akasema, akanawa mikono, akatoka kwenda kula.

Hapo ndipo Masizi alipobaki peke yake ndani ya shimo la kukagulia, chini ya gari, na tochi mkononi. Angekwenda kula na yeye, hadithi ingeishia hapa na tungelala wote salama. Lakini mapenzi ya mzazi hayatulii! Akaanza kukagua. Si kwamba hamwamini mtoto, hapana. Alitaka tu kuhakikisha kwamba Mkubwa hatapata hata kidoa cha kuokoteza.

Akaufuata kimpira kwa tochi, taratibu, mpaka akafika kwenye kidude kidogo cha plastiki, vali ya njia moja, yenye mshale mgongoni. Mshale ulielekea mbele. Ulielekea injini.

Moyo ukamlipuka. Maisha yake yote, tangu aliposhikishwa spana ya kwanza, Masizi alijua jambo moja bila kulifikiria: chini ya gari, kila kitu kinatoka injini kwenda nyuma. Moshi unakwenda nyuma, joto linakwenda nyuma, kelele zinakwenda nyuma. Hajawahi kuona bomba linalorudi mbele. Na huyu mtoto, kwa haraka zake, ameweka mshale kinyume, na Mkubwa anakuja baada ya chakula, na malori yanasubiri!

"Nimeiwahi," Masizi akajinong'oneza, jasho likimtoka. Akakata vile vibanio vya plastiki alivyovifunga binti, akavitia mfukoni, akaigeuza vali, mshale ukaangalia nyuma kama mishale yote yenye akili, akafunga upya kwa waya laini wa kufungia, kama alivyozoea. Akapanda juu roho kwatu. Alikuwa amemwokoa mwanawe, tena bila mtu kujua. Akaenda kula, na siku hiyo akaongeza sahani.

Alasiri wakakusanyika. Mwalimu, miwani ya jua usoni na mkoba kifuani. Mkubwa, funguo zikilia kiunoni. Binti akaingia garini, taa ya swichi imezimika. "Nikiwasha itaguna kidogo, kisha itanyamaza," akasema.

Akawasha. Gari likaguna. Likaendelea kuguna. Likanguruma mpaka debe la misumari likatembea juu ya meza! Binti akabonyeza swichi: taa ikawaka, ngurumo. Akabonyeza tena: taa ikazimika, ngurumo ile ile. Akazima injini, na kimya kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko kelele.

"Nzuri sana," Mwalimu akasema, akivua miwani. "Ile ya kumuua mama yangu mmefaulu. Naomba sasa nione ile nyingine."

Mkubwa alimtazama tu mdogo wake, na uso wa Masizi ukamshuka. Maana Masizi hakuelewa! Aliirekebisha mwenyewe. Ilikuwaje?

Binti hakulia wala hakujitetea. Alishuka shimoni na baba yake akamfuata na tochi. Alichomoa kimpira upande wa nyuma, akakitia mdomoni, akavuta kwa nguvu. Klak! Kilango kikajifunga. "Nyuma hakuna tatizo," akasema. Akamwomba Mkubwa awashe injini, akaziba kimpira cha upande wa mbele kwa kidole gumba. Kidole kikavutwa. "Mbele nako hakuna tatizo. Zima injini, baba mkubwa!" Kilichobaki katikati kilikuwa kidude kimoja tu. Akakishika, akakigeuza kwenye mwanga, na hapo Masizi, tochi mkononi, akaona kila kitu kwa pamoja. Nyuma kunavutwa. Mbele ndiko kunakovuta. Hewa ya kimpira kile haitoki injini, inakwenda injini! Lahaula. Mshale ulikuwa sawa tangu mwanzo.

Binti aliutazama waya laini uliofungia vali. Hakuwa ameufunga yeye. Halafu akamtazama baba yake.

"Mama..." Masizi akaanza, kwa sauti ya chini.

"Nishikie tochi vizuri, baba," binti akasema. Kisha akapaza sauti kuelekea juu: "Kuna vali imekaa kinyume. Nimekosea mimi. Nipeni muda kidogo, narekebisha."

Mkubwa akapumua kwa nguvu. "Mwanangu, sikulaumu. Kila mtu anajifunza. Lakini tulikubaliana, na baba yako alikuwepo. Malizia hii, na kesho uwapigie wale watu wa malori."

Nakwambia, kama kuna wakati mtu anaweza kununua jina lake kwa kufunga mdomo, ulikuwa ule. Masizi angenyamaza tu. Jina lingebaki, fundi asiyekosea, muulize yeyote. Na binti angepanda basi na kisanduku chake cha waya, na asingemsaliti kamwe. Masizi alimjua mwanawe. Hilo ndilo lililomchoma.

Akapanda ngazi kwa pupa, akajigonga kichwa kwenye bampa, akasimama mbele ya kaka yake akijikuna.

"Kaka, ngoja. Hakukosea yeye. Nimekosea mimi."

Mkubwa akatabasamu kwa huruma. "Acha, bwana. Unamfichia mtoto."

"Simfichii! Aliweka sawasawa, nikaenda kuigeuza mimi. Wakati wa chakula. Kwa mikono yangu hii!"

"Masizi," Mwalimu akaingilia, "tangu nikufahamu hujawahi kukosea hata saa. Leo ndiyo siku ya kuanza?"

"Mzazi mwema," Mkubwa akamwambia Mwalimu, kana kwamba Masizi hayupo. "Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo."

Ebo! Mtu amejisifu miaka nenda miaka rudi kwamba hakosei, na sasa amekosea kweli kweli, kosa safi, kosa lake, na hakuna anayetaka kumpa! Masizi alihisi kichwa kinapasuka. Hajawahi kutaka kitu kama alivyotaka wakati ule kuaminiwa kwamba ni mjinga.

Akatia mkono mfukoni, akatoa vile vibanio vya plastiki vilivyokatwa, akavibwaga kwenye kiganja cha kaka yake.

"Hivi ni vyake. Unaona alivyovikata, ncha imelala, haikwaruzi mkono? Na sasa shuka uone kilichofungwa pale. Waya laini, umesokotwa kwa kushoto. Nani gereji hii anasokota kwa kushoto, kaka? Nani alichapwa viboko na marehemu baba kwa ajili ya mkono huu?" Akauinua mkono wake wa kushoto, mweusi kwa masizi, juu ya kichwa. "Ni mimi! Niliona mshale unaangalia mbele, nikadhani mtoto kakosea. Kumbe mimi sijui. Jambo hili silijui, na yeye analijua. Andika hata ukutani ukitaka. Masizi kakosea, na binti yake kafanya kazi safi kuliko kazi yoyote iliyotoka hapa, yangu ikiwemo!"

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema. Lilimtoka kwa kelele, kama ugomvi, na mtaa mzima ukalisikia.

Mkubwa alishuka shimoni mwenyewe, na kitambi chake chote, akaangalia. Alipopanda alikuwa anavizungusha vile vibanio kati ya vidole. Hakutabasamu tena.

"Kwa kushoto," akasema.

"Miaka yote hiyo nilikuwa na breki upande wangu wa gari," Mwalimu akamwambia Masizi. "Unajua kazi ngumu ilikuwa ipi? Siyo kuikanyaga. Ni kuacha kuikanyaga wakati mwanafunzi anaendesha vizuri. Wewe bwana umemkanyagia mwenzio breki barabarani, halafu unashangaa gari limezima. Mtihani umeanguka. Mfuate kaka yako, atakueleza jinsi ya kurudia."

Hata Mkubwa akacheka, ingawa masikio yalimwiva.

Binti aliigeuza vali, akafunga vibanio vipya, akakata ncha zikalala. Akawasha. Gari likaguna mara moja, kisha likanyamaza, kimya laini hivi kwamba Mwalimu aliinama kusikiliza kama injini imezimika. Haikuwa imezimika. Binti akabonyeza, taa nyekundu ikawaka, klak, na ngurumo ikatoka nzito, ya chini, ya kifuani, ikapita kwenye nyayo za watu na kupanda mpaka kwenye meno. Mwalimu akapiga kelele za furaha, mtu mzima yule, akamsukuma binti kiti cha pembeni, wakaondoka.

Ndugu wawili wakabaki langoni, masikio yametegwa. Walilisikia gari likipanda mlima mdogo likiunguruma, watu wakigeuka, mbwa wakibweka. Likafika kona ya kwa Mwalimu. Na pale kwenye kona sauti ikakatika yote kwa mkupuo, kama bomba la maji lililofungwa. Masizi akashika lango. Alikuwa na machozi na hakujisumbua kusema ni moshi.

Waliporudi, Mwalimu aliteremsha kioo. "Amelala fofofo. Hajageuka hata ubavu," akasema, akamshusha fundi wake, akaondoka tena kwa kelele zote alizokuwa nazo.

"Meza ya dirishani ni yako," Mkubwa akamwambia binti. "Na yule wa ng'ambo nitamweleza mwenyewe."

"Ahsante, baba mkubwa. Lakini sijasema nakaa."

Binti akamgeukia baba yake, mikono kiunoni, na hapo alifanana na mama yake kupita kiasi.

"Baba, kwa nini hukuniuliza? Nilikuwa hapo nje tu, nakula."

"Niliogopa."

"Uliogopa nimekosea?"

"Niliogopa wakuone umekosea," Masizi akasema. "Nilitaka wakuone vile ninavyokuona mimi."

Binti alifuta koleo zake moja moja kwa kitambaa, akazipanga, tena zilikuwa safi tayari. Kisha akabeba kisanduku chake cha waya, akavuka nacho gereji nzima, akakiweka juu ya meza ya dirishani.

"Kesho naanza na lile gari pale nje, lenye taa mbovu," akasema, bila kugeuka. "Ukiona kitu hukielewi, uniite."

"Nitakuita."

"Uniite kabla, baba. Siyo baada."

"Kabla," Masizi akasema. "Naapa."

Akatoka nje haraka, maana kifua kilikuwa kimejaa na ndani hakukuwa na nafasi ya kutosha. Barabarani alikuwa anapita mtu mmoja, hamjui, amebeba godoro kichwani, jasho linamtiririka. Masizi akamziba njia.

"Umelisikia lile gari la buluu?"

"Gari gani?"

"Ile ngurumo! Halafu kimya! Umeme wote kafunga binti yangu. Yule pale dirishani. Mimi nilijaribu kuuharibu, nikashindwa."

Mtu wa godoro akageuza shingo kwa shida, akaangalia dirishani, akasema hongera, akaomba apishwe.